Kofia ya Cucu na Kiti cha Mbele

Gari la kwanza la familia yetu lilivalishwa nguo kabla halijatoka nje ya geti. Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa, lililokuwa limetumika Japani, na baba alilileta kutoka Mombasa akiliendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani. Mama alilitazama mara moja tu akaona chumba kipya. Kila kitu kilichosimama ndani ya nyumba yetu pale Kitale alikuwa ameshakifunika kwa kitambaa cha kufuma, kuanzia redio mpaka thamosi ya chai, na sasa Mungu alikuwa amemwongezea viti.

Basi viti vikapata vitambaa vyeupe vyenye maua ya manjano. Chini ya vitambaa ilibaki nailoni ya muuzaji, ambayo baba alikataa itolewe, kwa hiyo ukikaa ulikuwa unateleza juu ya maua kama samaki kwenye sinia. Mikanda ya nyuma na vifungio vyake mama alivisukuma chini ya kiti kwa sababu, alivyosema, vilikuwa vinaharibu mpangilio. Dashibodi nayo ikapewa kitambaa kirefu kilichoning'inia upande wa abiria, hapo hapo palipoandikwa kwa herufi ndogo kwamba ndani mna mfuko wa hewa.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imeanza kukazana na mikanda, na watu waliifunga kwa ajili ya polisi tu, kama vile mtu anavyozima sigara akimwona mchungaji. Mikanda ya magari ya abiria ilikuwa michafu ajabu. Jumapili kanisani ungeweza kujua nani amepanda gari na nani ametembea: aliyepanda alikuwa na mstari mweusi uliokata shati jeupe kutoka begani mpaka kiunoni.

Kuhusu mfuko wa hewa hatukujua lolote, isipokuwa picha. Kwenye kibao cha kukinga jua, upande wa abiria, Wajapani walikuwa wamebandika mchoro wa kiti kidogo cha mtoto, mbele yake kitu cha mviringo, na mstari mwekundu umekata vyote viwili. Baba alisema maana yake ni kwamba hairuhusiwi kubeba mpira ndani ya gari. Mama alisema gari limetengenezewa watu wazima, ndiyo maana lilikuwa safi. Cucu alivaa miwani, akautazama mchoro, akasema Wajapani hawazai sana kwa hiyo hakuna la kutufundisha.

Cucu alikuwa mama mzazi wa baba. Yeye na mumewe walihamia Trans-Nzoia kutoka milima ya kati wakiwa na majembe na sufuria, wakalima mahindi mpaka wakawa watu. Alikuwa mdogo wa mwili. Nikisimama karibu naye kichwa chake kilinifika kwenye mbavu. Mimi nilikuwa nimepewa jina la marehemu mume wake, kama ilivyo desturi kwetu, kwa hiyo tangu nikiwa mchanga aliniita mume wangu, na kwa haki hiyo alinigombeza kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Nikitoka kuzurura, maana sikuwahi kukaa mahali pamoja, alikuwa ananipokea getini na kuuliza, "Mume wangu, huko ulikokuwa umeniolea mke mwingine?"

Kiti cha mbele cha gari kilikuwa chake. Hakuna aliyekipanga hivyo. Mkubwa hukaa mbele, imekwisha. Alitaka kivutwe mbele kabisa mpaka magoti yake yaguse dashibodi, ili wanaopita wamwone, na juu ya yote alivaa kofia yake ya kanisani, ngumu, ya rangi ya kahawia, yenye ukingo mpana na utepe.

Sasa dada yangu, ambaye alikuwa muuguzi huko Bungoma na ameolewa Mabanga, karibu na mji huo, akazaa msichana. Kitukuu wa kwanza wa cucu. Mumewe alikuwa kazini Nairobi, na ikakubaliwa kwamba dada aje Kitale akae kidogo kwa mama, anywe uji, alale. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimerudi kutoka Lodwar, sina kazi, nina leseni. Nikatumwa kwenda kumchukua. Cucu akasema anakwenda pia, na akawatangazia kina mama wa kanisa kwamba wasimame getini siku hiyo, kwa sababu yeye ataingia amekaa mbele na mtoto mapajani.

Njiani kwenda Bungoma aliniambia sababu. "Wewe nilikuleta nyumbani juu ya lori la mahindi," alisema. "Mama yako alikuwa mgonjwa, mimi nikakufunga kifuani, nikapanda juu ya magunia kama kuku. Mvua ikatunyeshea kutoka Webuye mpaka nyumbani. Hakuna mtu alituona, na kama kuna aliyetuona alituhurumia. Huyu mtoto ataingia mbele. Nimesema."

Nikakubaliana naye kabisa. Nani angekataa?

Mabanga tulipokelewa kama wafalme. Mama mkwe wa dada alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwa jirani, na mume wake alikuwa mzee mrefu, mkimya, karani mstaafu wa ofisi ya DC, mkuu wa wilaya. Tulikula kuku na ugali wa wimbi mpaka nikafungua kifungo cha suruali. Cucu na mama mkwe walielewana ajabu, ingawa huyu alitia r penye l na yule akatia l penye r, na katikati yao sisi tuliobaki tulichagua tulichotaka.

Shida ilianza wakati wa kuondoka. Cucu alikuwa ameshakaa mbele, kofia kichwani, mikono ameinyosha. "Mume wangu, niletee mtoto."

Dada akatoka nyumbani na mtoto amemfunika shali. Akasimama mbele ya gari. "Cucu, mtoto anakaa nyuma. Na wewe pia, tafadhali."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma kwa kiti."

"Mimi? Nyuma kama gunia?"

"Cucu, hapo mbele yako kuna mfuko. Gari ikigonga, unatoka mara moja, kama ngumi. Mtu mkubwa akifunga mkanda na akikaa mbali nao, unamsaidia. Lakini mtoto akiwa kwa mapaja, hiyo ngumi ni yake. Na wewe umekaa karibu hivyo, kifua kwa dashibodi, inakuwa yako pia. Hata hiyo picha hapo juu ndio inasema."

"Hiyo picha ni ya mpira."

"Si ya mpira, cucu."

"Baba yako alisoma ikasema ni ya mpira." Akainua kitambaa cha mama, akachungulia dashibodi kama mtu anayetafuta panya. "Mfuko uko wapi? Mimi sioni mfuko. Naona plastiki."

Dada alikuwa mpole lakini alikuwa akifanya kazi pale wanapoletwa majeruhi wa barabarani, na kwa jambo hilo hakuwa na utani. Akasema mtoto haondoki Mabanga akiwa mbele. Cucu akasema basi na yeye haondoki Mabanga. Akafunga mlango wa gari kwa nguvu, akabaki ndani peke yake, anatazama mbele kama anayesafiri.

Mama mkwe akaona aibu ni yake. "Haki mtoto wangu, unanitia haya," akamwambia dada. "Kukhu wako ametoka mbari kuja kwangu, arafu watu waone akitoka amewekwa nyuma? Watasema nimemkosea nini?" Majirani walikuwa wameshajaa kwenye ua, kila mmoja na maoni. Kuna aliyesema mtoto mchanga hagongwi na chochote mradi ameombewa. Mwingine akauliza kama mfuko huo ukitolewa unaweza kubebea unga.

Dada akaingia jikoni akatoka na kile kiti. Nilikuwa nimesahau habari yake. Alikuwa amekinunua mtumba Kitale kabla hajajifungua, kiti cha mtoto cha kufungwa ndani ya gari, cha plastiki na sponji, na watu walimcheka sana kwa sababu hakikuwa na miguu. Hapo Mabanga kilikaa jikoni bila kazi mpaka kuku mmoja akakiona kinafaa kutagia. Dada alipokitoa, kuku huyo alikuwa bado amekalia, ameshikilia, anatazama huku na huku kwa hasira ya mwenye nyumba anayefukuzwa. Ilibidi mama mkwe amwinue kwa mikono, na mayai yake yakahamishiwa kwenye karai.

Kufunga kiti hicho nyuma, katikati, ilikuwa kazi ya kuchimba. Niling'oa vitambaa vya mama, nikapasua nailoni, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilitoa njugu, kalamu, na kadi ya mchango wa harusi ya watu ambao tayari walikuwa wameachana. Hatimaye nikapata mikanda na vifungio vyake, vipya kabisa, havijawahi kutumika. Cucu alikuwa anatufuatilia kwenye kioo.

"Mbona kinatazama nyuma?" akauliza bila kugeuka.

"Mtoto mchanga anatazama nyuma, cucu. Shingo yake ni laini. Gari likisimama ghafla kiti ndio kinamshika mgongo na kichwa."

"Kama mtu anashikwa na polisi. Atajuaje anaenda wapi?"

"Hata akitazama mbele hajui anaenda wapi," dada akasema. Majirani wakacheka, na cucu akashusha ukingo wa kofia.

Nilitazama nyumba, nikatazama jua, nikatazama cucu. Nilikuwa natamani kurudi Lodwar. Nilijua dada hawezi kurudi nyuma, na nilijua kwamba ndani ya gari lile ameketi mwanamke anayesubiri tangu siku ya lile lori. Hapo ndipo yule mzee karani, ambaye hakuwa amesema neno tangu tumalize kula, akakohoa.

"Mimi nimefanya kazi na ma-DC mpaka nikazeeka," akasema taratibu, kama anayezungumza na mti. "Sijaona DC hata mmoja amekaa mbele."

Kioo cha dirisha la cucu kikashuka kidogo.

"DC anakaa wapi?" akauliza.

"Nyuma. Kushoto."

"Kwa nini kushoto?"

"Ndio mlango wake ufunguliwe upande wa watu waliokuja kumpokea. Yeye hafungui. Anangoja."

"Na mbele?"

"Mbele ni ya askari."

Cucu akafikiria. Unaweza kumwona mtu akifikiria kwa jinsi kofia inavyotulia. Mwishowe akafungua mlango, akashuka, akazunguka gari lote polepole akilikagua, akasimama kwenye mlango wa nyuma wa kushoto. Akaweka mikono nyuma. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananingoja mimi nifungue.

"Na askari wetu ni nani?" akauliza alipokwisha kukaa.

Tukatazamana. Mama mkwe wakati huo alikuwa amebeba zawadi yake ya kutusindikiza, jogoo mwekundu mwenye upanga mkubwa kichwani, amefungwa miguu na kuketishwa ndani ya kikapu. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Akafungua mlango wa mbele akaweka kikapu kwenye kiti cha heshima. "Askari ndiye huyu!"

Dada akasema kikapu kifungwe, maana kitu kisichofungwa kikiruka kinaumiza. Nikapitisha mkanda juu ya kikapu, ukalia tap. Jogoo akageuza shingo akanitazama kwa jicho moja. Nyuma, mtoto akafungwa, dada akajifunga, na cucu akafungwa na mimi, huku akilalamika kwamba nimemkaza kama ng'ombe wa kukamuliwa. Kofia yake ilikuwa inamchoma mtoto kwa ukingo, kwa hiyo akaivua, akaiweka mapajani, akaishika kwa mikono yote miwili.

Tulipita njia ya Chwele kwa sababu cucu alitaka vitunguu, na ilikuwa siku ya soko. Yeyote aliyewahi kupita Chwele siku ya soko anajua barabara inakuwa ya kila mtu isipokuwa magari. Bodaboda zilibeba mbuzi waliokaa vizuri kuliko abiria, pikapu zilirudi nyuma bila kutazama, na kina mama walitandaza nyanya hadi ukingoni mwa lami. Nilikwenda polepole mpaka tulipovuka umati. Barabara ikafunguka, nikakanyaga mafuta kidogo, na dume moja la ng'ombe lililokuwa limekataa kuuzwa likamponyoka mwenyewe na kurukia barabarani mbele yetu.

Nilisimama juu ya breki kwa miguu yote miwili. Magurudumu yakalia. Mkanda ukanibana kifuani, pumzi ikatoka. Kitu cha kahawia kikapita sikioni mwangu kwa kasi, kikagonga dashibodi upande wa abiria, pale pale kwenye kitambaa cha mama. Kisha gari likasimama, na pua ya dume ikawa inapumua juu ya boneti.

Hatukugonga. Mfuko wa hewa haukutoka. Mpaka leo sijauona ukitoka, na sina hamu. Jogoo alikuwa ndani ya kikapu chake, kikapu kwenye mkanda wake. Akawika.

Mwenye dume akafika akihema, kamba mkononi, akapiga boneti kwa kiganja. "Bana, wewe unataka kununua ng'ombe na bampa? Si ungekuja sokoni kama watu!"

Nilikuwa nimegeuka nyuma. Dada alikuwa ameshika kiti cha mtoto na amefumba macho. Mtoto alikuwa amelala, na mdomo wake ulikuwa unanyonya hewa kwenye ndoto. Cucu alikuwa amekaa wima, mkanda umemkata begani, na mikono yake miwili bado ilikuwa mapajani, imekunjwa kuzunguka kofia ambayo haikuwepo.

Alitazama mikono. Akatazama mbele, mahali kofia ilipokuwa imelala juu ya dashibodi, ukingo umevunjika upande mmoja.

"Nilikuwa nimeishika," alisema. "Nilikuwa nimeishika na mikono miwili."

Dada alifumbua macho. Angeweza kusema mengi, na mimi nilingoja aseme, lakini alikagua tu mikanda ya mtoto. Mwenye dume akaondoka akivuta kamba na kututukana kwa Kibukusu cha upole. Nilimrudishia cucu kofia, naye hakuivaa. Aliiweka chini, miguuni. Kisha akakamata mkanda wake mwenyewe, akauvuta mpaka ukakaza, akanyosha mkono akashika kidole kimoja cha mguu wa mtoto, na hakukiachilia mpaka Kitale. Vitunguu tulivisahau.

Karibu na mji kulikuwa na polisi barabarani. Afisa akainama dirishani, akamwona jogoo, akasimama wima, akainama tena.

"Huyu naye amefunga mkanda?"

"Huyo ni askari," cucu akasema kutoka nyuma. "Kama wewe."

Afisa akamtazama yule mwanamke mdogo aliyekaa nyuma kushoto kama serikali, akamtazama mtoto kwenye kiti kinachotazama nyuma, akashindwa kuzuia kicheko. Akapiga saluti kabisa, kisigino kikalia. Cucu akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyezoea. Kufika mtaa wa Kipsongo, vibarua waliokuwa wakitoka mashambani walionyeshana jogoo kwa vidole na kukimbia kando ya gari wakipiga makofi.

Getini kina mama wa kanisa walikuwa wamejipanga. Waliona gari, wakaanza vigelegele, wakakimbilia dirisha la mbele jinsi walivyokuwa wameagizwa. Vigelegele vilikatika katikati. Kina mama wote walibaki wamefungua vinywa, wanatazamana na jogoo.

"Cucu wako yuko wapi?" mmoja akaniuliza kwa hofu.

Kutoka nyuma sauti ikasema, "Mume wangu. Mlango."

Nilikimbia nikazunguka, nikafungua. Dada alimfungua mtoto, akamweka mikononi mwa cucu. Cucu akaokota kofia yake, akaivaa vile vile, ukingo umening'inia juu ya sikio, akashuka polepole, mguu mmoja, halafu mwingine, upande wa watu waliokuja kumpokea. Kina mama wakamzunguka.

"Si ulisema utakuwa mbele?"

"Mbele ni ya askari," akasema, akafunua shali. Vigelegele vikaanza upya, na safari hii nilidhani paa litaondoka.

Mama alivililia vitambaa vyake siku nzima. Baadaye alivifuma upya, akaviachia matundu ya kutokea vifungio, na kila tundu akalizungushia maua ya manjano. Kitambaa cha dashibodi hakukirudisha. Baba alimpigia dada simu ili aelezwe ile picha vizuri, na tangu siku hiyo akawa anawaeleza wageni wote, hata wale waliokuja kwa miguu.

Cucu hakutengeneza kofia. Aliambiwa Kitale kuna fundi wa kuinyosha, akasema haina shida. Kila Jumapili alikaa nyuma kushoto na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha gari mpaka mikanda yote ilie, na yeye alikuwa anahesabu milio kwa kidole. Aliyeuliza kofia imepatwa na nini alisimuliwa habari ya dume, na mwishoni cucu alikuwa anakunja mikono yake mapajani, kuonyesha jinsi alivyokuwa ameishika.

Nimeendelea kuzurura tangu hapo. Kazi zangu zimenipeleka mpaka Garissa na kunirudisha. Nikipanda basi, kabla sijakaa, huwa naingiza mkono chini ya kiti kutafuta mkanda. Jirani yangu hudhani nimedondosha pesa na huanza kunisaidia kutafuta. Nikiupata naufunga, mchafu hivyo hivyo, na shati langu likapata mstari. Kofia iko kwa kitukuu, Bungoma. Sasa ni msichana mrefu kunikaribia, na ukimwomba aivae anakuambia haivaliwi, inashikwa tu.